Sheria ya Msumari

Tarehe 3 Februari

Mke wangu mpenzi,

Shikamoo. Shikamoo tena, maana najua ya kwanza imekukuta unatia uzi kwenye sindano na hukuisikia. Mimi sijambo, ila mgongo unanisumbua kidogo. Magoti yako yanaendeleaje? Mafundi wenzako wazima? Mzee wa Pasi bado anapiga pasi huku anapiga mluzi?

Kazi nimeanza. Tafadhali usiendelee kuwaambia wateja kwamba mjukuu wako ni prodyuza. Mjukuu wako anabeba waya. Studio ina vyumba viwili na korido. Vyumba ni vya wakubwa, korido ni yangu. Nakunja waya, nafuta vumbi kwenye maikrofoni, nachemsha chai, na wenyewe wakitoka kwenda kula ninaruhusiwa kukaa kwenye kompyuta ya zamani kujaribu vitu vyangu. Bosi si mtu mbaya, ila ana haraka. Ukimuuliza kazi inatakiwa lini, anaangalia saa yake kama vile umeshachelewa.

Sasa nina ombi. Kuna mahali kwenye mtandao sisi watu wa muziki tunapaita ghalani. Watu wanarekodi sauti za kila namna na kuziweka huko: mlango unaolia, mvua juu ya bati, mtu anapiga chafya. Wengine wanazichukua na kuzitengenezea nyimbo. Nimetafuta cherehani ya kukanyaga kwa miguu nikakuta moja tu, nayo inakwaruza kama inatafuna mchanga. Yako inaimba. Nimelala nikiisikia tangu nina miaka minne, naijua.

Mwombe Mzee wa Pasi akurekodi kwa simu yake, dakika mbili zinatosha, kisha aiweke ghalani. Mtaulizwa kuhusu leseni, yaani mnatoa ruhusa gani. Ziko tatu. Ya kwanza inasema: chukua, fanya utakavyo, hunijui sikujui. Ya pili: chukua, ila unitaje. Ya tatu: chukua, unitaje, na chochote utakachotengeneza kutokana na sauti yangu nacho ukiache wazi kwa masharti haya haya, ili wengine wachukue. Bonyezeni yoyote. Ni utaratibu tu, hakuna anayeusoma.

Nimekukumbuka sana. Huku hakuna anayenigombeza, na mtu asiyegombezwa anajisahau.

Mumeo wa korido,
Mjukuu wako


Tarehe 19 Februari

Mume wangu,

Marahaba, zote mbili, nilizisikia. Magoti yananiuma nikikaa bure, nikikanyaga cherehani yanapona, kwa hiyo daktari wangu ni kazi. Wenzangu wote wazima, na Mzee wa Pasi ni mzima kupita kiasi. Huo mgongo wako nimeshaujua: unakaa kama ndoano. Kaa wima.

Ulisema dakika mbili. Zilituchukua asubuhi nzima. Tulifunga mlango, tukaweka kiti nje na kibao cha kuwaambia wateja wasubiri. Mara ya kwanza mteja mmoja alisoma kile kibao kwa sauti kubwa, neno kwa neno, akiwa amesimama dirishani. Mara ya pili Fundi Mrefu alikohoa, na akishaanza huyo anakohoa kwa awamu. Mara ya tatu mimi mwenyewe nilisema "jamani nyamazeni" wakati wote walikuwa kimya. Mara ya nne ikaenda vizuri hadi katikati, kisha Mzee wa Pasi, ambaye ndiye aliyeshika simu, akajisahau akaanza mluzi wake. Nikataka turudie. Akasema chaji inaisha, na isitoshe mluzi umekaa mahali pake. Tukauacha.

Halafu hilo la leseni. Unasema hakuna anayeusoma. Sisi tulisoma, mume wangu, sote wanne, Mzee wa Pasi akiwa ndiye msomaji na Fundi Mrefu akidai kila mstari urudiwe. Tulipofika ya tatu nikasema, lakini hii si sheria yetu ya msumari?

Wewe ulikua humu chumbani lakini ulikuwa chini ya meza na vifungo, kwa hiyo labda huijui. Ule msumari mkubwa karibu na dirisha tunatundika karatasi za kukatia. Fundi akipata mkono mzuri wa gauni au suruali inayokaa vizuri kiunoni, anakata umbo lake kwenye karatasi na kuitundika. Yeyote anachukua. Anaipanua, anaifupisha, anabadilisha anachotaka. Ila masharti ni mawili. Andika pembeni jina la aliyeikata kwanza. Na ile karatasi mpya uliyoitoa kwenye ya mwenzako, nayo itundike. Nguo uza upendavyo, hilo halimhusu mtu. Karatasi ndiyo haifungiwi.

Zamani fundi mmoja humu alichukua karatasi ya kola, akaikunja upya, ikawa inalala shingoni vizuri kuliko kola zote. Akaifungia sandukuni kwake. Wateja wa mashati wakawa wake peke yake. Basi na wengine wakaanza kuficha zao, na mwaka mzima msumari haukupata karatasi mpya hata moja. Watu wakashona wamegeuziana migongo. Ndiyo maana tulibonyeza ya tatu, na hatukubonyeza tu, tulipiga kura.

Tumeandikwa "Fundi Cherehani na Mzee wa Pasi". Yeye alitaka awe wa kwanza kwa sababu simu ni yake. Nikamwambia aende akaikanyage hiyo simu tuone itashona nini.

Kula vizuri.

Mkeo,
Bibi yako


Tarehe 26 Aprili

Mke wangu,

Shikamoo. Natumaini magoti yanakanyaga. Mgongo wangu umepona, nakaa wima hadi watu wananiuliza kama nina kiburi. Nisamehe kwa ukimya, nilikuwa nimezama.

Bibi, kaa chini kama umesimama. Nimetengeneza wimbo! Hauna maneno, ni mdundo na kinanda kidogo, na chini yake kuanzia mwanzo hadi mwisho ni cherehani yako na ule mluzi. Nilikuwa naupiga kwenye korido wakati wa chakula, bosi akarudi kuchukua miwani aliyoisahau. Akasimama. Mimi nikazima haraka. Akasema, "Nani amekwambia uzime?" Akausikiliza mara tatu, amesimama, ameshika miwani mkononi, chakula chake kinapoa huko alikokwenda.

Juzi walikuja watu wa kampuni ya sabuni. Wanataka wimbo wa tangazo lao, na katika nyimbo tisa walizosikilizishwa wamechagua wangu. Wangu mimi, Bibi! Ila wanataka uwe wao peke yao. Usisikike popote pengine na mtu mwingine asiuguse. Bosi ameniambia mbele za watu kwamba jambo hili likikamilika, chumba cha pili ni changu. Chumba chenye mlango. Nimekwenda kusimama ndani yake nikiwa peke yangu, nimepima kwa hatua: sita kwa tano.

Tatizo ni ile leseni mliyochagua. Inataka wimbo wangu nao uachwe wazi, na wao wanataka ufungwe. Lakini nimeuliza, na dawa ipo. Mwenye kitu anaweza kumpa mtu mmoja ruhusa tofauti na ile aliyowapa wengine wote, na ni halali kabisa. Nimeambatanisha karatasi ya kusaini. Unasema tu kwamba mimi, mjukuu wako, unaniruhusu kuitumia sauti yako bila yale masharti ya leseni ya tatu. Bosi anaihitaji kabla ya mwisho wa Mei.

Na wimbo nimemtumia Mzee wa Pasi kwenye simu, akusikilizishe.

Mumeo wa chumba cha pili (nikijaliwa),
Mjukuu wako


Tarehe 4 Mei

Mume wangu,

Marahaba. Nilikuwa nimesimama, nikakaa, kisha nikasimama tena. Hongera, hongera sana. Nilipousikia ule wimbo nilipiga kigelegele mteja akajichoma na pini. Sikuwahi kufikiri mguu wangu unaweza kukaa ndani ya muziki. Mafundi wote wamesikiliza, na Fundi Mrefu, ambaye hajawahi kusifia kitu tangu nimjue, alisema "si mbaya" na kwenda kujificha nyuma ya majora ya vitambaa.

Karatasi yako nimeisaini. Wewe ni damu yangu, na kumpa mtu ruhusa yake mwenyewe ukiwa na akili timamu si kuvunja sheria. Hata kwenye msumari mtu akiniomba karatasi yangu kwa shughuli maalumu, naweza kumpa aende nayo. Ila mguu ndio wangu, mluzi una mwenyewe. Mzee wa Pasi alijua hilo kabla yangu. Siku mbili alitembea kama mwenye nyumba. Alipiga pasi bila mluzi hata kidogo, ati anatafakari, chumba kikawa kimya mpaka tukamwomba asaini ili tupate kelele. Amesaini. Sahihi yake imechukua nusu ukurasa.

Sasa nikuulize. Nimeukanyaga huu mtambo miaka thelathini na moja. Naujua unapokohoa, naujua unapochoka, na usiku wa mvua naujua unavyokuwa mzito. Katika wimbo wako unakwenda vizuri hatua tatu, ya nne inachelewa kidogo, kama mtu anayechechemea, kisha kuna kitu kinagonga glasi. Ndiyo inayowafanya watu watikise kichwa, niliwaangalia, wote walitikisa hapo hapo. Lakini hiyo siyo mimi. Mguu wangu hauchechemei, na humu hatuna glasi, tunakunywa kwa vikombe vya bati.

Sisi tumesaini kwa kilicho chetu. Huko kuchechemea ni kwa nani?

Mkeo mwenye masikio,
Bibi yako


Tarehe 11 Mei

Bibi yangu,

Shikamoo. Natumaini mnaendelea vizuri nyote. Karatasi nimezipata, asante, na umwambie Mzee wa Pasi sahihi yake imemchekesha hata mwanasheria wa studio.

Nilitumaini hutasikia. Wakubwa wote hapa wenye vifaa vyao vya kusikilizia hawakusikia.

Ni hivi. Mlipoweka sauti yenu ghalani, kabla mimi sijaichukua kuna mtu aliwahi. Anajiita Kijiko. Aliikata, akaisogeza ile hatua ya nne, akaongeza kijiko kinachogonga glasi, akaandika "imetokana na sauti ya Fundi Cherehani na Mzee wa Pasi", akaeleza alichobadilisha, akaiacha wazi kwa masharti yale yale. Amefanya kila kitu sawasawa. Mimi nilifungua yenu, kisha nikafungua yake, na wimbo ukaja wenyewe kutoka kwenye yake. Nilitumia yake. Bosi nilimwambia, "Sauti ni ya bibi yangu, ya nyumbani," na kweli ni yako. Ila si yako peke yako.

Nimejaribu kuondoa kule kuchechemea na kuweka sauti yenu kama ilivyo. Bibi, wimbo umekufa. Unatembea sawasawa kabisa na hauendi popote.

Sasa nimefikiri hivi. Kijiko simjui, hanijui. Huenda yuko upande wa pili wa dunia. Ni hatua moja iliyosogezwa na kijiko kimoja, nani atasema ni wizi? Watu wa sabuni wanakuja kusaini wiki ijayo. Nimeshanunua kufuli ya mlango wa chumba cha pili. Nakuomba jambo moja tu: usimwambie mtu ulichokisikia. Na Mzee wa Pasi naye asiseme.

Najua unavyokunja uso hapo ulipo.

Mjukuu wako


Tarehe 16 Mei

Mjukuu wangu,

Marahaba. Mimi mzima.

Leo sikuiti mume. Nimeumia, na nasema wazi ili usije ukadhani nimechoka tu. Nilisaini kwa mkono wangu nikijivuna, kumbe nimetumika kufunika kitu cha mtu mwingine. Huyo Kijiko alichukua kwetu akatutaja. Wewe umechukua kwake ukamnyamazia, na mbele ya bosi ukatuweka sisi mlangoni kama pazia. Kidogo si hoja. Kola nayo ni mkunjo mmoja.

Kunyamaza sitanyamaza, ila sitamwandikia bosi wako. Utamwambia wewe, kabla hao wa sabuni hawajashika kalamu. Na umwandikie Kijiko. Mwombe kama ulivyotuomba sisi. Akikubali, chukua chumba chako, na mimi nitakushonea pazia la dirisha. Akikataa, amekataa.

Bibi yako

Kijana, hujambo. Ni mimi Mzee wa Pasi. Bibi yako ametoka kununua uzi ameiacha barua mezani bila kuifunga, nami nina dakika mbili. Muulize ni fundi gani aliyeifungia karatasi ya kola sandukuni. Muulize na nani alimnyooshea kidole. Asante.

Nimerudi, nimeona alichoandika, na nimemfukuza kwa kipimio cha mbao. Haya. Ni mimi. Kola ile ilikuwa ya Mzee wa Pasi, wakati huo alikuwa bado anashona, kabla macho yake hayajachoka. Nilikunja mkunjo mmoja nikajiambia kola sasa ni yangu, yeye alifanya nini zaidi ya kukata karatasi? Mwaka mzima wa mashati, wateja hadi barazani, na mwaka mzima hakuna aliyenikaribisha chai. Hakuna aliyeninyooshea kidole, siku moja niliitundika msumarini mwenyewe. Nilidhani watanicheka. Fundi Mrefu aliichukua, akaiangalia, akasema "si mbaya", kazi ikaendelea. Sikukusimulia ukweli kwa sababu nilitaka unione mzuri. Sasa unaona tunafanana, na hilo ndilo linaloniudhi zaidi.

Nenda kamwambie.


Tarehe 29 Juni

Mke wangu (kama bado unanitambua),

Shikamoo. Natumaini hamjambo nyote, na kwamba kipimio cha mbao hakikuvunjika. Mimi mzima. Wiki saba sikuandika kwa sababu sikutaka kukuandikia nusu ya habari.

Barua yako ilifika Jumatano, watu wa sabuni walikuwa wanakuja Alhamisi. Nilimfuata bosi chumbani kwake na msururu wa maneno kichwani, nimeyapanga vizuri, na nilipofungua mdomo nikasema tu, "Ule wimbo si wetu wote." Alinisikiliza hadi mwisho. Hakufoka, na ningependa angefoka. Alinipa simu akasema, "Wapigie wewe. Waambie ulivyoniambia, neno kwa neno." Nikawapigia. Mwanamke aliyepokea alikuwa mpole, akasema watasubiri siku kumi tupate ruhusa.

Kijiko nilimwandikia usiku ule ule kupitia ghalani. Nilieleza yote, hata kwamba nilitaka kuficha. Alijibu siku ya tatu. Ni mwanamke, mpishi kwenye bweni la shule, anapika sufuria za watoto mia mbili na kumi. Alisema wimbo ameusikiliza akiwa anachambua mchele na ameupenda. Kisha akakataa. Nakunukulia: "Nilichukua sauti ya bibi yako kwa sababu ilikuwa wazi. Watoto wangu hapa wanaupiga huo mdundo mezani kwa vijiko kila jioni kabla ya chakula. Ukifungwa uwe wa watu wa sabuni, ipo siku mtu atakuja kuniambia niwanyamazishe. Sitaki kuwa niliyesaini." Akamaliza kwa kunitakia heri na kunikumbusha nile mboga.

Kwa hiyo basi. Wa sabuni wamechukua wimbo mwingine, wa tarumbeta. Chumba cha pili amepewa yule mwenye tarumbeta, na kufuli nimempa mimi mwenyewe, maana ningeifungia nini? Nililia kidogo. Korido ni mahali pazuri pa kulilia, unajifanya unakunja waya.

Ila wiki iliyofuata bosi alinitupia daftari jipya. Akasema kuanzia leo hakuna sauti itakayotoka studio hii kabla sijaandika imetoka wapi, nani aliitengeneza, na kwa ruhusa gani. Nyimbo zote za nyuma pia. Nimefika ya arobaini na tatu. Tumegundua kwamba ile ngoma wanayojivunia wote hapa ni mtu aliyepiga beseni, na hakuna aliyewahi kumtaja. Nimemtafuta. Yule mwenye tarumbeta, kabla hajarekodi, sasa anakuja koridoni kuniuliza. Anapiga hodi, Bibi, na korido haina mlango.

Na wimbo wangu nimeuweka ghalani wiki iliyopita. Kabla ya kuuweka nilisoma masharti ya leseni ya tatu, mstari kwa mstari, saa nzima. Niliyaita utaratibu tu. Nimeandika: umetokana na sauti ya Kijiko, iliyotokana na sauti ya Fundi Cherehani na Mzee wa Pasi, umeongezwa kinanda na mdundo na Mtu wa Korido, chukua, tutaje, acha wazi. Nilipobonyeza niliogopa, kwa sababu sasa mtu yeyote anaweza kuuchukua, na huenda vilevile asitokee hata mmoja anayeutaka.

Mpaka leo hajatokea. Nachungulia kila asubuhi kabla ya kuchemsha chai.

Nisamehe, Bibi.

Mjukuu wako


Tarehe 21 Julai

Mume wangu,

Marahaba, marahaba, na marahaba. Nimekutambua tangu bahasha. Wote tu wazima, kipimio kimepata ufa lakini Mzee wa Pasi hajapata hata alama. Nilikusamehe siku uliyompigia simu huyo mwanamke wa sabuni, ila barua ilichelewa kuniambia.

Huyo Kijiko nampenda. Anakataa vizuri na anakukumbusha mboga. Kama ndiye unayeniletea awe mke mwenzangu, nitamsogezea kiti.

Sasa sikiliza yaliyotupata. Mzee wa Pasi ameweka spika juu ya kabati, na wimbo wako unapigwa humu tangu tunafungua mlango. Siku ya kwanza ilikuwa hasara. Mguu wangu ulianza kufuata kule kuchechemea, nikashona pindo la gauni la bibi harusi lenye mawimbi. Akaja kulichukua, mimi nimeshika roho. Akaliangalia, akazunguka nalo mbele ya kioo, akauliza kama naweza kumfanyia na mikono iwe hivyo hivyo. Karatasi ya pindo hilo imeshatundikwa, na wawili wameshaichukua.

Halafu yakaja ya kupima. Unajua tunavyopima: mmoja anashika tepu na kutaja kwa sauti, mwingine anaandika. Jumanne Fundi Mrefu alikuwa anampima mteja mnene wa koti, wimbo unapigwa, akataja "bega kumi na nane," na neno likaangukia pale pale penye kijiko. Akasita. Akataja "kifua arobaini na nne," likaanguka tena. Mimi ninayeandika nikaitikia "nimeandika!" Mzee wa Pasi akaingiza mluzi. Tulipofika kiunoni mteja mwenyewe alikuwa anacheza, na vipimo vyote ikabidi virudiwe kwa sababu hatulii. Tangu siku hiyo hakuna anayekubali kupimwa kimyakimya. Mwanamke mmoja amekuja kupimwa mara mbili na hana kitambaa.

Basi tumerekodi. Tulifunga mlango, tukaweka kibao nje, na safari hii ilitoka mara ya kwanza, na kikohozi cha Fundi Mrefu kimo ndani, tumekiacha. Tumeuweka ghalani jana saa nane mchana. Mimi ndiye niliyesema maandishi na Mzee wa Pasi akaandika: umetokana na wimbo wa Mtu wa Korido, uliotokana na sauti ya Kijiko, iliyotokana na sauti ya Fundi Cherehani na Mzee wa Pasi, yameongezwa maneno ya vipimo na mafundi wote wa chumba, chukua, tutaje, acha wazi. Jina lako lilipotokea pale kwenye kioo cha simu, la kwanza kabisa, nililisoma kwa sauti, na wenzangu wakaacha kazi kunisikiliza.

Kwa hiyo asubuhi kabla ya chai, ukichungulia, kuna mtu ameuchukua.

Mzee wa Pasi alitaka tukuandikie kwanza kukuomba. Alikuwa ameshachukua na kalamu. Nikamwambia aiweke chini, mume wangu, maana ruhusa ulishatupa.

Mkeo,
Bibi yako